Vyuo viwili vimekuita kusoma saikolojia Uganda: namna ya kuchagua kimoja, hatua kwa hatua

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka na vyuo vikianza kutuma barua, swali linalonifikia ni lile lile: "Nimepata vyuo viwili, vyote vina saikolojia, niende kipi?" Na kila mwaka wapo wanaonirudia wakiwa mwaka wa pili, wamekata tamaa. Mmoja alitaka kukaa na wagonjwa, anafundishwa namna ya kuajiri wafanyakazi. Mwingine alidhani ataandika dawa, kumbe kozi hiyo haina dawa hata moja. Wengi wao walilinganisha majina ya vyuo, wakasahau kulinganisha kozi zenyewe.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye barua mbili mkononi, na wa mzazi au mlezi atakayelipa. Jipe wiki mbili. Fuata hatua kwa mpangilio wake, maana hatua ya tano haifanyiki vizuri kama ya kwanza umeiruka.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Barua zote mbili za udahili, zichapishwe kwenye karatasi. Kwenye simu mtu husoma "Hongera" na kuruka mengine.
- Matokeo yako ya UNEB, baraza la mitihani la taifa: ya UCE (kidato cha nne) na UACE (kidato cha sita). Kama ulisoma Kongo, Kenya, Tanzania au Sudan Kusini, utahitaji barua ya UNEB inayolinganisha cheti chako na cha Uganda. Ianze mapema, isije ikakuchelewesha usajili.
- Orodha ya masomo yote ya kozi, kutoka mwaka wa kwanza hadi wa mwisho, ya kila chuo.
- Jedwali la ada la mwaka huu kutoka kila chuo.
- Daftari moja. Fungua kurasa mbili zinazotazamana: kushoto chuo cha kwanza, kulia cha pili.
- Bando la intaneti, salio la kupiga simu, na nauli ya kwenda kila chuo angalau mara moja.
- Mtu mmoja anayefanya kazi unayoitaka, hata kama ni rafiki wa shangazi yako. Utamhitaji kwenye hatua ya nne.

## Hatua ya 1: Andika kazi unayoitaka kabla ya kutazama chuo

Neno saikolojia limefunika kazi nyingi zisizofanana, na kila kazi ina njia yake ya masomo. Usipojua unakwenda wapi, barua zote mbili zitaonekana nzuri.

Unataka kutibu wagonjwa wa akili kwa dawa? Hapo unazungumzia udaktari. Ni shahada ya tiba ya miaka 5, mwaka wa mazoezi hospitalini, kisha shahada ya uzamili ya magonjwa ya akili ya miaka 3. Shahada ya saikolojia haikufikishi huko, hata ukiimaliza kwa daraja la kwanza. Kama kidato cha sita ulifanya biolojia na kemia na hii ndiyo ndoto yako, simama kwanza uzungumze na mtu wa shule ya udaktari. Ipo pia njia fupi zaidi ya diploma ya ofisa tabibu wa magonjwa ya akili, ambao chuo chao kiko Butabika, kwenye hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili.

Unataka kupima na kutibu kwa mazungumzo? Hiyo ni saikolojia tiba. Shahada ya kwanza peke yake haitoshi, utahitaji uzamili. Makerere wanao uzamili wa saikolojia tiba. Kwa hiyo swali lako kuhusu kila chuo ni moja: shahada hii itanifungulia mlango wa uzamili, au itanifungia?

Unataka kuwa mshauri nasaha, shuleni, kanisani, msikitini au kliniki ya VVU? Tafuta kozi yenye ushauri nasaha ndani yake kwa jina na kwa vitendo. Jua pia kuna Chama cha Washauri Nasaha Uganda, UCA. Waulize mapema wanadai nini kwa mtu anayetaka kuwa mwanachama.

Unataka kazi za ofisini: kuajiri, mafunzo ya wafanyakazi, migogoro ya kazini? Hiyo ni saikolojia ya viwanda na mashirika. Makerere ina shahada yake ya kwanza, na ni kozi nzuri sana kwa anayeitaka. Ni kozi ngumu kuvumilia kwa aliyeingia akidhani ni ya hospitalini.

Unataka kufanya kazi na jamii: wakimbizi, watoto wa mitaani, manusura wa vita? Tazama saikolojia ya jamii. Hapa wewe msemaji wa Kiswahili unayo mali ambayo wenzako wengi darasani hawana. Kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale kule Isingiro, Kyaka II kule Kyegegwa, Kyangwali kule Kikuube na Rwamwanja kule Kamwenge kuna maelfu ya Wakongo ambao Kiswahili ndiyo lugha wanayoweza kuelezea machungu yao. Mshauri anayewasikiliza bila mkalimani ana thamani kubwa. Usiifiche lugha yako kwa sababu darasani wanaongea Kiingereza na Kiganda.

*Utajua umefaulu* ukiweza kuandika juu ya kurasa zote mbili za daftari sentensi moja isiyo na "labda": nataka kufanya kazi fulani, na watu fulani, mahali kama fulani.

## Hatua ya 2: Soma barua za udahili mstari kwa mstari

Chukua kalamu. Piga mstari chini ya mambo haya, kisha yanakili daftarini.

Jina kamili la kozi. "Saikolojia", "saikolojia ya jamii", "ushauri nasaha" na "sanaa zenye somo la saikolojia" ni vitu vinne tofauti. Jina lililo kwenye barua ndilo litakalokuwa kwenye cheti, na mwajiri atasoma cheti.

Muda na ratiba. Je, ni ya mchana, ya jioni au ya mwisho wa wiki? Kozi ya jioni ina manufaa kwa anayefanya kazi, lakini uliza mapema mafunzo kwa vitendo yatafanyika saa ngapi, kwa sababu hospitali na shule hazikungoji saa moja ya usiku.

Kampasi. Hapa watu wanaumia sana. Chuo kimoja kinaweza kuwa na kampasi kadhaa. IUIU kwa mfano, Chuo Kikuu cha Kiislamu, makao yake makuu ni Mbale, lakini ina kampasi Kibuli na pia Kabojja, ambayo ni ya wanawake. Mtu anapanga chumba Kampala, kumbe barua inasema Mbale.

Udhamini. Kama barua moja ina udhamini wa serikali na nyingine ni ya kujilipia, iweke alama kubwa. Udhamini wa serikali haukufuati ukienda chuo binafsi. Ukiuacha, uuache ukijua unachokiacha.

Tarehe za mwisho: ya kukubali nafasi, ya kulipa na ya kujisajili. Ziandike kwenye kalenda ya ukutani, na mtu mwingine nyumbani azione.

*Tahadhari:* kama barua inakutaka utume pesa kwa namba ya simu ya mtu binafsi, usitume. Vyuo vya umma vinakupa namba ya malipo, ile PRN, unayolipia benki au kwa simu kupitia mfumo wa URA, mamlaka ya mapato. Chuo binafsi kitakupa akaunti yenye jina la chuo. Nenda ofisi ya msajili mwenyewe ukahakikishe barua ni yao.

## Hatua ya 3: Hakiki chuo na kozi kwa NCHE

Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE, lina tovuti inayoorodhesha vyuo na kozi zilizoidhinishwa. Fanya utafutaji mara mbili, kwa sababu kuna idhini mbili.

Ya kwanza ni ya chuo. Chuo binafsi huanza na leseni ya muda, na baadaye kinaweza kupata chata, yaani idhini kamili. Chenye leseni ya muda hakina makosa, ila chenye chata kimepita kwenye uchunguzi mkubwa zaidi.

Ya pili ni ya kozi, na hii ndiyo wengi wanaisahau. Chuo chenye chata kinaweza kuwa na kozi ambayo haijaidhinishwa, au ambayo muda wake umefika wa kupitiwa upya. Mwaka 2023 habari za kozi nyingi kuonekana zimepitwa na muda kwenye orodha ya NCHE zilizua taharuki nchi nzima, wazazi wakashika simu usiku. Kozi iliyo kwenye kupitiwa upya si sawa na kozi isiyoidhinishwa kabisa. Lakini usiridhike na maneno ya mdomo. Omba idara ikuonyeshe barua yao ya NCHE, na kama hawana ya kukuonyesha, nenda ofisi za NCHE pale Kyambogo ukaulize.

Linganisha jina lililo kwenye barua yako na lililo kwenye orodha, neno kwa neno. Likitofautiana, pata maelezo ya maandishi.

Kama una diploma au shahada ya nje ya Uganda na unataka kuingia kwayo, NCHE ndio wanaoilinganisha. Vyeti vya sekondari ni UNEB. Wengi hupeleka karatasi ofisi isiyo yake na kupoteza mwezi.

*Utajua umefaulu* ukiwa na picha mbili za skrini, moja kwa kila kozi, zenye tarehe uliyozipiga. Kozi moja ikikosekana kabisa na chuo kikashindwa kueleza, uchaguzi umekwisha. Usiendelee kuibembeleza.

## Hatua ya 4: Weka mitaala miwili ubavu kwa ubavu

Fungua orodha za masomo. Usihesabu masomo ni mangapi. Tafuta haya:

Saikolojia ya ukuaji wa mtoto na mtu mzima, saikolojia ya mtu ndani ya jamii, nadharia za utu, ubongo na tabia. Huu ni msingi, na kozi yoyote ya saikolojia inapaswa kuwa nao.

Kisha magonjwa ya akili na dalili zake, upimaji wa kisaikolojia, na stadi za ushauri nasaha. Kama sentensi yako ya hatua ya kwanza ina neno "mgonjwa" au "mteja", na masomo haya hayapo au lipo moja tu mwaka wa mwisho, hiyo si kozi yako.

Kisha takwimu na mbinu za utafiti. Najua wengi mlikimbilia sanaa mkidhani mmeziaga hesabu. Saikolojia ina takwimu, na chuo kinachokuahidi saikolojia isiyo na takwimu kinakuandalia shahada ambayo uzamili hautaipokea kwa urahisi. Tazama kama kuna somo moja au zaidi, na kama mwaka wa mwisho unafanya utafiti wako mwenyewe chini ya msimamizi.

Na maadili ya kazi. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018, iliyochukua nafasi ya ile ya zamani, imebadili namna mgonjwa anavyopokelewa na haki zake. Muulize mhadhiri kama wanaifundisha. Jibu lake litakuambia mtaala uliguswa lini mara ya mwisho.

Sasa mpigie yule mtu anayefanya kazi unayoitaka. Msomee orodha zote mbili bila kumtajia vyuo. Muulize: "Wewe ungechagua ipi, na ni somo gani unalitumia kila siku?" Mtu wa kazini huona kwa dakika kumi kile ambacho wewe ungekihangaikia siku nzima.

Jambo la alama nalo lisikupite. Makerere hupima kwa CGPA, yaani wastani wa alama, hadi 5.00, daraja la kwanza ni kuanzia 4.40, na la pili la juu kuanzia 3.60. Kama unalenga uzamili, uliza vyuo vyote viwili ni wanafunzi wangapi wa saikolojia wanavuka hapo, na ni masomo gani yanawarudisha watu kwenye riteki, yaani kurudia somo. Somo linaloangusha nusu ya darasa kila mwaka linaweza kuwa gumu kweli, au halina mwalimu.

## Hatua ya 5: Chimba mafunzo kwa vitendo

Kama una muda wa kufanya hatua moja tu vizuri, fanya hii. Mimi naipa uzito kuliko jina la chuo, majengo na hata ada. Saikolojia ni kazi ya kukaa na mtu mwingine ndani ya chumba, yeye analia au amenyamaza, na wewe unatakiwa ujue la kufanya. Hilo halisomwi kwenye slaidi. Linajifunzwa ukiwa na msimamizi anayekusikiliza, anayekusahihisha, na anayekuzuia usimdhuru mtu.

Vyuo vingi vitakuambia "tunayo fildi", yaani mafunzo hayo ya vitendo. Fildi zinatofautiana. Kuna mwanafunzi anayepelekwa wodini, anahudhuria mikutano ya timu, anaandika ripoti na msimamizi anaisoma. Na kuna mwanafunzi anayepewa barua ya utambulisho isiyo na jina la mahali, anaambiwa ajitafutie, anaishia kupanga mafaili ofisi ya mjomba, kisha ripoti inagongwa mhuri.

Piga simu idara ya saikolojia, siyo ofisi ya udahili. Ofisi ya udahili kazi yake ni kujaza nafasi. Mazungumzo yaende hivi:

"Habari za asubuhi, nnyabo. Nimepata nafasi ya kusoma kwenu mwezi wa nane. Naomba kuuliza kuhusu mafunzo kwa vitendo."

"Uliza, mwanangu."

"Yanaanza mwaka gani, na ni ya wiki ngapi?"

"Chuo ndicho kinachotupangia mahali, au mwanafunzi anajitafutia?"

"Mwaka jana wanafunzi walikwenda wapi? Naomba majina ya mahali patatu."

"Msimamizi wa chuo huja kumtembelea mwanafunzi mara ngapi?"

"Gharama za usafiri na za mahali ni za nani?"

Swali la tatu ndilo la kulishikilia. Idara inayopeleka watu kweli itakutajia mahali bila kufikiri: Butabika, kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa ya mkoa, shule fulani, shirika la wakimbizi. Idara isiyopeleka itasema "sehemu mbalimbali". Rudia swali kwa upole. Ukipata "sehemu mbalimbali" tena, andika hivyo hivyo daftarini.

Butabika ni hospitali ya taifa ya rufaa ya magonjwa ya akili, na hupokea wanafunzi wa fani nyingi. Kwa hiyo kusikia jina lake peke yake kusikutoshe. Uliza mwanafunzi wa saikolojia akiwa pale anafanya nini kwa mkono wake, na nani anamsimamia siku kwa siku. Wiki mbili za kutembezwa wodini hazifanani na wiki nane za kufuatilia watu wale wale.

Kwa anayelenga kambi za wakimbizi, uliza wazi: "Je, naweza kufanya fildi yangu Nakivale au Kyangwali, na chuo kitakubali kunisimamia huko?" Kuna idara zitafurahi, maana ni nadra kupata mwanafunzi anayejua Kiswahili cha Kongo. Kuna nyingine zitakuambia msimamizi hasafiri nje ya Kampala. Yote mawili ni majibu mazuri, kwa sababu sasa unajua.

*Tahadhari:* usikubali chuo kinachowaruhusu wanafunzi wa mwaka wa kwanza kushauri watu wenye kiwewe peke yao, hata kama inaonekana ni heshima. Ni hatari kwa mteja na kwako wewe.

*Utajua umefaulu* ukiwa na majina matatu ya mahali kwa kila chuo, idadi ya wiki, na umethibitisha angalau jina moja kwa kumuuliza mtu wa mahali hapo.

## Hatua ya 6: Piga hesabu ya pesa yote, ya miaka yote

Watu hulinganisha ada ya masomo peke yake. Kuna ada ya usajili, ya mitihani, ya maktaba, ya kitambulisho, ya serikali ya wanafunzi, na shilingi 20,000 za NCHE kila mwaka. Kuna chumba, chakula, nauli, na kuchapisha kazi, ambako hula pesa kimya kimya. Kuna gharama za fildi na za utafiti wa mwaka wa mwisho.

Huu ni mfano tu wa namna ya kuhesabu; weka tarakimu zako. Tuseme semista ina wiki 17.

Chuo cha kwanza kiko Kampala, unaishi kwa shangazi Bwaise. Ada 1,400,000. Ada nyingine 350,000. Nauli 4,000 kwa siku, siku 85, ni 340,000. Chakula cha mchana 5,000 kwa siku 85, ni 425,000. Jumla 2,515,000.

Chuo cha pili kiko nje ya mji. Ada 1,000,000. Ada nyingine 300,000. Hosteli 700,000. Chakula 8,000 kwa siku 119, ni 952,000. Jumla 2,952,000.

Chuo "cha bei rahisi" kimezidi kwa 437,000 kila semista. Kwa semista 6 ni 2,622,000. Ndiyo maana nasema hesabu yote.

Usisahau lisiloandikwa: chakula cha jioni kwa shangazi si cha bure, na binti anayekaa kwa ndugu mara nyingi hupika, hufua na kulea watoto kabla ya kufungua kitabu. Muulize shangazi kwa heshima atategemea nini kutoka kwako. Kama jibu ni kazi ya saa nne kila jioni, chumba cha pamoja karibu na chuo, kama Kikoni au Banda, kinaweza kukusaidia zaidi hata kama kinagharimu.

Kuhusu mikopo: Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya 2014, imezipa kipaumbele kozi za sayansi. Usijenge bajeti juu ya mkopo kabla hujaona jina la kozi yako kwenye orodha yao ya mwaka huu. Mwenye ulemavu aulize kwa namna ya pekee, maana bodi ina utaratibu wake kwao.

Na kama si raia wa Uganda, uliza utalipa kiwango kipi: cha raia, cha Afrika Mashariki au cha wageni. Kama ni mkimbizi, sema hivyo tangu mwanzo na upate jibu la maandishi. Tofauti inaweza kuuvunja mpango mzima semista ya pili.

## Hatua ya 7: Nenda ukaone, siku ya kazi

Usiende siku ya maonyesho, siku hiyo kila kitu kimepakwa rangi. Nenda Jumanne au Jumatano ya kawaida wakati wa semista.

Tafuta idara ya saikolojia, soma ubao wa matangazo. Ratiba ya mitihani imebandikwa? Majina ya wasimamizi wa utafiti yapo? Milango ya wahadhiri ina saa za kuonana na wanafunzi? Ingia maktaba, omba uonyeshwe rafu ya saikolojia, tazama miaka ya vitabu.

Kisha nenda pale wanafunzi wanapochapishia na kufungisha ripoti zao. Kwa Makerere ni vibanda vya Wandegeya na Kikoni. Mwaka wa mwisho wamesimama hapo wakingoja karatasi zitoke, wana muda, na wana mengi moyoni. Uliza: "Dada, wewe ni wa saikolojia? Msimamizi wako alikusomea kazi mara ngapi? Ungeanza upya, ungerudi hapa?" Zungumza na watatu au wanne. Mmoja atakuwa na hasira yake binafsi, mwingine anapenda kila kitu. Sikiliza lile ambalo wote wanalirudia.

Pima safari pia. Ondoka nyumbani saa utakayokuwa ukiondoka kweli. Barabara ya Jinja saa moja asubuhi haifanani na ya saa nne.

## Hatua ya 8: Kata shauri

Rudi kwenye daftari. Kwanza ondoa. Chuo ambacho kozi yake haikuthibitishwa NCHE, toka. Chuo ambacho mtaala hauendi kwenye sentensi yako, toka. Chuo ambacho pesa zake zitaishia mwaka wa pili, toka, hata kama unakipenda.

Vikibaki vyote viwili, mafunzo kwa vitendo na usimamizi ndivyo viamue. Vikilingana hapo pia, basi ndipo utazame jina, umbali na marafiki.

Sasa mwendee anayelipa. Kama ni baba, mjomba au kaka mkubwa mwenye chuo chake moyoni, usimwambie "nimeamua". Mwekee daftari mbele, muonyeshe ukurasa wa pesa kwanza, kisha ukurasa wa fildi, halafu useme: "Baba, nimetembelea vyote viwili. Naomba unisikilize, kisha uniulize." Mzazi aliyeona kazi uliyoifanya hubishana na daftari, habishani na wewe. Akiuliza "saikolojia utakula nini?", msomee sentensi yako na umtajie mahali panapoajiri watu wa aina hiyo.

*Tahadhari:* "nitahamia kile kingine mwaka wa pili" si mpango. Kuhama kunawezekana, lakini masomo yote huenda yasihesabiwe, na unaweza kujikuta unarudia mwaka na kulipa mara mbili.

## Hatua ya 9: Funga nafasi yako

Kubali nafasi kwa maandishi kabla ya tarehe. Lipa kwa njia rasmi, hifadhi risiti kwenye karatasi na kwenye simu. Nenda kujisajili na vyeti halisi pamoja na nakala. Wanafunzi hurudishwa nyumbani kwa sababu jina la UCE na la kitambulisho cha taifa yanatofautiana herufi moja. Kama lako linatofautiana, anza na kiapo cha kisheria leo.

Chuo unachokiacha, waandikie barua fupi ya heshima, nafasi yako ipewe mwingine. Usiwe na usajili sehemu mbili.

Wiki ya kwanza ya masomo, kabla pilikapilika hazijaanza, nenda kwa mratibu wa mafunzo kwa vitendo, jitambulishe na umwambie lugha unazozijua na mahali unapotaka kwenda. Nafasi nzuri za fildi huwa chache, na mratibu huwakumbuka waliokuja mapema.